Kitafunwa cha usiku bila kurudisha kitambi: mwongozo kamili kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wengi wanaoniuliza habari za kupunguza mafuta mwilini hawashindwi mchana. Asubuhi wanakunywa chai bila andazi, mchana ugali wa kiasi na samaki, jioni wanatembea hadi ufukwe wa Shangani na kurudi kwa miguu. Kasheshe huanza saa nne usiku. Watoto wamelala, taarifa ya habari imekwisha, na mkono unaingia kwenye kopo la korosho. Wiki tatu baadaye mkanda uko tundu lile lile, na lawama zote anabebeshwa ugali.

Mwongozo huu ni wa saa hiyo moja tu. Sitakukataza kula usiku, kwa sababu mwili huhesabu zaidi jumla ya ulichokula kutwa nzima kuliko saa uliyokila. Ila usiku ndio wakati tunaochagua vibaya kuliko wote. Tumechoka, taa ya sebuleni ni hafifu, na huku kusini kilicho karibu na mkono ni kitu chenye mafuta mengi ambacho hatukihesabu kuwa chakula. Kwa hiyo kazi yote hapa ni kuhamisha uamuzi: kitafunwa cha usiku kichaguliwe mchana.

## Mahitaji

- Kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono. Ndicho kitakuwa kipimo chako.
- Kopo lenye mfuniko unaobana, na mahali pa juu pa kuliweka.
- Daftari na kalamu.
- Utepe wa fundi cherehani.
- Mayai, kunde au choroko, na matunda ya msimu.
- Mzani wa jikoni ukiwa nao. Usipokuwa nao, usiutafute.

Soma hili kwanza. Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, usiache wala kupunguza mlo wa usiku kabla ya kuongea na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini. Mjamzito na anayenyonyesha, mwongozo huu haukuhusu kwa sasa. Na kama huwa unaamka usiku na kula kingi kwa kujificha hadi tumbo linauma, kisha unajichukia, tafuta mhudumu wa afya uongee naye. Hilo halitatuliwi kwa kikombe cha kahawa.

## Hatua ya 1: Andika siku saba kabla hujabadili chochote

Kila unachotia mdomoni baada ya chakula cha jioni, andika: saa, kitu, kiasi, na ulikuwa unafanya nini. "Saa 4:20, korosho, viganja viwili, naangalia mpira." Usijipunje wala usijisifu.

Sababu ni kwamba watu wawili wanaolalamikia kitu kimoja hawana ugonjwa mmoja. Yupo ambaye kweli ana njaa kwa sababu alikula saa kumi na mbili jioni na analala saa sita. Yupo ambaye hana njaa hata kidogo, ila hawezi kutazama tamthilia mikono mitupu. Wa kwanza anahitaji chakula, wa pili anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono.

Tahadhari: usianze kujinyima wiki hii. Ukijinyima, daftari litakuonyesha mtu mwingine.

Umefanikiwa ukiona: kuna saa au kitu kinachojirudia angalau mara tatu. Karibu kila daftari nililoonyeshwa lilikuwa na kitu kimoja kinachobeba lawama nyingi kuliko vingine vyote.

## Hatua ya 2: Rekebisha sahani ya jioni

Njaa ya saa nne usiku mara nyingi imepikwa saa moja jioni. Tunamega bonge la ugali wa muhogo, mchuzi mwingi, na kipande cha samaki ambacho kimegawanywa kwa watu watano. Tumbo linajaa, lakini shibe ile haikai.

Kinachokaa ni protini na nyuzinyuzi. Jioni hakikisha una samaki wa ukubwa wa kiganja chako bila vidole, au mayai mawili, au kikombe kizima cha kunde, mbaazi au choroko. Mboga za majani zichukue nusu ya sahani. Ugali au wali ubaki kiasi cha ngumi moja.

Neno moja juu ya kisamvu, kwa sababu najua utaniambia unakula majani. Kisamvu ni chema, lakini chetu kinaungwa kwa tui zito, na mara nyingine karanga juu yake. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia tu kina kalori 120 hivi, na tui la kwanza nalo lina mafuta mengi. Sisemi upike kisamvu cha hospitali. Tumia tui la pili kwa wingi, la kwanza liwe la kumalizia.

Umefanikiwa ukiona: siku nne kati ya saba unafika saa tatu na nusu usiku bila kuwaza chakula.

## Hatua ya 3: Jiulize swali la yai

Ukihisi kutaka kula, kwanza kunywa glasi ya maji na subiri dakika 15. Huku kwetu, hasa Novemba na Desemba kabla mvua hazijakolea, joto la usiku hukausha mtu bila yeye kujua, na kiu huja imevaa kanzu ya njaa.

Dakika zikipita, jiulize: ningepewa sasa hivi yai la kuchemsha na chumvi kidogo, bila kingine, ningelila? Ukijibu ndiyo, una njaa, nenda Hatua ya 4. Ukijibu kwamba yai hulitaki lakini chipsi ungekula, hiyo ni hamu. Hamu hailishwi, inapitishwa. Piga mswaki, toka barazani, au kamalizie kukunja nguo zilizolala kwenye kiti tangu asubuhi.

Swali hili linaonekana la kitoto. Ndilo lililonisaidia mimi kuliko hesabu zote.

## Hatua ya 4: Chagua kabla jua halijazama

Weka kikomo: kitafunwa kisizidi kalori 150 hadi 200, na kiwe na protini, au maji na nyuzinyuzi nyingi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Mtu anayezidisha kalori 300 kila usiku anafikisha 9,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni zaidi ya kilo moja, bila hata kitu kimoja kilichoitwa chakula.

Kipike au kiandae mchana, kifunike, kiweke kikiwa peke yake mahali utakapokiona kwanza. Mimi huweka sahani juu ya mtungi wa maji, kwa kuwa maji lazima nitayafuata.

Hivi ndivyo ninavyozungusha:

Yai la kuchemsha. Moja lina kalori 75 hivi na gramu 6 za protini. Mawili yanamtosha mtu yeyote. Kata, nyunyiza chumvi kidogo na pilipili manga, ongeza tango. Yai lile lile likikaangwa kwenye vijiko viwili vya mafuta si yai tena, ni kitu kingine.

Kunde au choroko za kuchemsha. Nusu kikombe kikubwa cha chai ni kalori 100 hivi. Chemsha nyingi Jumapili, gawa kwenye vibakuli. Kama hakuna friji pika za siku hiyo hiyo tu. Kwa joto letu kunde huchacha haraka kuliko mtu anavyotarajia. Kamulia ndimu, katia kitunguu. Njugu mawe changa za kuchemsha na maganda yake nazipenda zaidi, kwa sababu kuzimenya kunachelewesha mkono.

Pweza wa kuchemsha. Hapa pwani tuna bahati tunayoichezea. Gramu 100 za pweza aliyeiva zina kalori 160 hivi na protini karibu gramu 30. Ni mgumu kutafuna, na hiyo ni faida: huwezi kummaliza kwa dakika mbili.

Matunda. Kipande cha papai cha gramu 200 ni kalori 90 hata hakifiki, chungwa moja 60 hadi 70. Embe ni la kuangaliwa: dodo kubwa moja linaweza kufika 200 peke yake, kwa hiyo nusu, na nusu nyingine iwe ya mtu mwingine ndani ya nyumba, usiirudishe kabatini ikakuite.

Mtindi usiotiwa sukari. Glasi moja, kalori 150 hivi. Ukitia vijiko vitatu vya sukari umeongeza 50.

Muhogo na ming'oko (vile viazi vyembamba vya porini). Watu wa Newala na Tandahimba watanifukuza nikiuacha ming'oko. Unaruhusiwa, wa kuchemsha. Lakini ni wanga, sawa na muhogo, na gramu 100 za muhogo hufika kalori 150. Kipande kimoja cha muhogo, au ming'oko mitatu minne myembamba, kisha basi. Isiwe juu ya ugali uliokula jioni. Ukijua utakula, punguza ugali.

Tahadhari: usile ukiwa unajilaza. Acha saa mbili hivi kati ya mlo mkubwa na kitanda, na angalau saa moja baada ya kitafunwa, hasa kama una kiungulia. Ndimu na pilipili pia ziache kama tumbo lako linazikataa.

## Hatua ya 5: Ipime korosho, usiikisie

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, nami nilianguka hapa hapa. Mwezi mzima niliandika daftarini "kiganja kimoja cha korosho" nikijiona mtu wa nidhamu. Siku moja nikaazima mzani wa jirani anayeuza viungo. Nikachota kiganja changu kile kile cha kila usiku, nikakimwaga. Mzani ukasoma gramu 52. Korosho zilizokaangwa zina kalori 570 hivi kwa gramu 100, kwa hiyo "kiganja" changu kilikuwa kalori karibu 300. Na kwenye mpira wa dakika 90 mkono ulirudi mara tatu.

Mtu wa Dodoma hana shida hii. Kwao korosho ni kitu cha zawadi, kimefungwa, kina bei. Kwetu shangazi analeta kutoka Masasi ndani ya mfuko, zimebanguliwa nyumbani, zimekaangwa kwa chumvi, na nyingi zimevunjika. Hakuna anayehesabu kitu cha bure. Na vile vipande vilivyovunjika ndivyo hatari zaidi, maana mtu husema "ni makombo tu haya".

Korosho si adui. Ina protini, ina madini, na mafuta yake mengi si mabaya kwa moyo. Tatizo ni wingi tu. Fanya hivi:

1. Hesabu korosho nzima 20. Korosho ya ukubwa wa kawaida ina gramu moja na nusu hivi, kwa hiyo 20 ni gramu 30, kalori 170. Huo ndio mwisho wa usiku mmoja.
2. Zitie kwenye kikombe cha kahawa. Angalia zimefika wapi, weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Kuanzia leo, hata zikiwa zimevunjika, kipimo ni alama ile.
3. Funga kopo, lipandishe kabatini, ndipo ukae. Kikombe kije sebuleni, kopo lisije. Hiki kifungu kidogo ndicho kinachofanya kazi kuliko vingine vyote.
4. Kula moja moja. Chumvi ikikufanya utake zaidi, kaanga zako kwenye kikaango kikavu bila chumvi.

Karanga zifuate kanuni hiyo hiyo, kalori zake zinalingana. Ufuta wa Lindi nao, hasa ukiwa kashata: hapo umeongeza sukari juu ya mafuta, na kipande kimoja huita cha pili.

Umefanikiwa ukiona: kopo lililokuwa likiisha kwa siku nne sasa linamaliza wiki mbili. Huhitaji mzani kuliona hilo.

## Hatua ya 6: Ukikutwa na njaa barabarani

Umetoka msibani au kwenye shughuli, ni saa tano, na taa pekee inayowaka ni ya banda la chipsi. Usijidanganye kwamba utafika nyumbani ule kunde. Kula hapo, lakini agiza kwa akili.

Gramu 200 za chipsi zilizokaangwa zinavuka kalori 600. Zikigeuzwa zege, pamoja na mayai mawili na mafuta ya kukaangia, umepita 800. Hicho ni chakula cha jioni cha pili na ziada.

Mazungumzo yangu na kijana wa pale stendi ninapopita ni haya kila mara:

"Dada, nikuwekee zege?"

"Hapana mdogo wangu. Nipe mishikaki miwili, kachumbari nyingi, na hizo ndizi za kuchoma nipe moja."

"Chipsi kidogo?"

"Kidogo yako naijua."

Anacheka, ananipa. Kama kuna muuza pweza jirani, vipande vichache na kikombe cha supu vinatosha kabisa. Supu ile ina chumvi, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu asiimalize. Muhogo wa kuchoma ni bora kuliko wa kukaanga, na pilipili haina kosa.

Bagia, sambusa, vitumbua na kalimati vya usiku ni vile vilivyobaki jioni. Vimekaa, vimepoa na mafuta yake. Sikuambii zaidi.

## Hatua ya 7: Vinywaji

Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Maji ya dafu moja ni kalori 60 hivi, sawa, ila usikombe na nyama yake yote. Chai ya tangawizi au mchaichai mtupu, bila majani ya chai wala sukari, ndiyo rafiki wa usiku. Chai ya majani na kahawa ziache baada ya saa kumi na moja jioni kama usingizi wako ni mwepesi. Msimu wa mabibo ukifika na uraka, pombe ya mabibo hayo, ukaanza kuzunguka mtaani, kumbuka kileo chenyewe kina kalori saba kwa kila gramu, na kinachofuata baada ya kileo ni zege.

## Hatua ya 8: Funga jiko, lala

Chagua saa ya kufunga. Kwangu ni saa nne na nusu. Vyombo vimeoshwa, sufuria imefunikwa, taa ya jikoni imezimwa, meno yamesuguliwa. Ukoko wa wali ubaki umelowekwa maji, la sivyo utaukwangua.

Sababu ya kulala mapema si maadili. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne au tano tu huamka na njaa kubwa zaidi na hamu ya vitamu, na siku nzima inayofuata inaharibika. Ukipunguza usiku mmoja wa kukesha na simu, umerahisisha milo mitatu ya kesho.

## Wanaofanya kazi usiku, na mwezi wa Ramadhani

Wapakiaji wa bandarini msimu wa korosho, walinzi, wauguzi wa zamu: chakula chenu cha saa sita usiku si kitafunwa, ni mlo. Kiandaliwe kama mlo wa Hatua ya 2, kibebwe kwenye hotipoti, na kitafunwa kimoja cha Hatua ya 4 kiwe cha saa tisa usiku. Msipobeba, mtanunua maandazi na soda.

Ramadhani, kikomo cha kalori 200 kiweke kando kwa daku. Daku ni mlo wa kukupitisha siku, hauna budi kuwa na protini na maji. Kinachonenepesha Ramadhani ni muda kati ya futari na daku, ambapo sahani ya tambi, kalimati na juisi hazitoki mkekani. Hapo ndipo kikombe cha kahawa kirudi kazini.

## Hatua ya 9: Pima kwa utepe

Kila Ijumaa asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, zungusha utepe usawa wa kitovu, pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Andika. Ukiwa na mizani sawa, lakini uzito unaweza kucheza kilo nzima kwa sababu ya maji na chumvi, hasa ukila samaki wa chumvi jana yake.

Umefanikiwa ukiona: kiuno kimepungua sentimita moja au mbili kwa mwezi, au uzito unashuka robo hadi nusu kilo kwa wiki. Lengo la mbali ni kiuno kisichofika nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 160, kiuno kiwe chini ya 80. Anayekuahidi kilo tano kwa wiki anakuuzia kitu.

Wiki nne zikipita bila mabadiliko, rudi kwenye daftari la Hatua ya 1 na uandike upya siku saba, safari hii kutwa nzima. Ukikuta usiku umenyooka, nenda jikoni ukatazame chupa ya mafuta ya kupikia. Weka alama ya tarehe juu ya lebo siku unayoifungua. Nyumba ya watu wanne ikimaliza lita moja kwa wiki, kila mlaji anakunywa zaidi ya vijiko viwili vya chakula kwa siku bila kuviona. Anza kupika kwa kupima kwa kijiko, kimoja kwa kila mlaji kwa siku, na utepe uutoe tena Ijumaa ya nne.